Gumba la mvuvi na kioo cha simu

Jumanne mchana mzee mmoja wa Matondoni aliingia kibandani kwangu ninapotengeneza simu, hapa Langoni mjini Lamu, akaweka simu mezani. "Simu hini hainiyui, mwanangu." Mwanawe aliyeko Mombasa alimnunulia, na wiki nzima hajaweza kupokea hata simu moja.

Nikaijaribu. Tachi, yaani kioo cha kugusa, ni nzima, haina ufa. Nikamwomba anionyeshe anavyoigusa. Akakandamiza kidole gumba kama anayebonyeza kabambe, simu ya vitufe. Kimya. Akakandamiza zaidi mpaka ukucha ukawa mweupe.

Nikamshika mkono. Miaka ya kuvuta mshipi imemwachia sugu gumbani, nene, kavu kama ganda la kombe. Hapo nikajua.

Wengi wanaamini kioo kinasikia nguvu. Hakisikii. Ndani yake mna mistari inayokatana kama wavu, mara nyingi ya oksidi ya indiamu na bati, kitu kinachopitisha umeme na bado ukaona upande wa pili. Simu hutia chaji ndogo ya umeme humo na kuipima mara nyingi kila sekunde. Mwili wetu una maji na chumvi, nao unapitisha umeme; kidole kikifika, chaji ya pale hubadilika, na simu ikajua mistari ipi imeguswa. Sugu huiweka nyama yenye unyevu mbali na kioo, mabadiliko yakawa madogo mno.

Mzee alinitazama bila kuamini. Nikagusa kioo kwa kalamu ya plastiki: hakuna kitu. Kikapuni mwake mlikuwa na ndizi mbivu. Nikamwomba moja, nikagusa kwa ncha yake, simu ikafunguka. Akaichukua ile ndizi akajaribu mwenyewe, mara tatu.

Wavuvi, nawaomba sana: tone la maji ya bahari nalo hupitisha umeme. Simu hudhani ni kidole, ikaanza kujipigia watu. Kabla hujakubali kulipia tachi mpya, ifute kwa kitambaa kikavu na usubiri. Na kifaa cha kuonyesha njia chomboni, mimi nashauri cha vitufe.

Mwingereza E. A. Johnson aliandika juu ya skrini ya namna hii mwaka 1965, akiwafikiria waongoza ndege. Zipo pia za tabaka mbili zinazokutana ukizibonyeza, hata kwa ukucha au glavu. Bado utazikuta kwenye mashine za viwandani. Hizo zingemfaa mzee. Lakini baada ya iPhone ya 2007, simu nyingi za kugusa zilifuata njia ya chaji.

Nikabandua protekta nene, nikaongeza wepesi wa mguso kwenye mipangilio, nikamwambia atumie kidole cha pete, ambacho mshipi haukukila. Akakaa barazani nje, akagusa polepole jina la mwanawe. Ikaita.

"Ni mimi babako," akasema, na sauti ikamkauka.