Mvua ikinyesha Nkuhungu, vyoo vinatapishwa

Juzi saa nane usiku, mvua ikiwa imekolea, nilisikia mfuniko wa zege unaburutwa nyuma ya ukuta. Harufu ikamaliza maelezo. Mtu alikuwa anatapisha choo, uchafu unashuka na maji ya mvua barabarani. Asubuhi watoto wa shule wakapita palepale, viatu mkononi, miguu mitupu.

Mimi ni fundi bomba, mwaka wa kumi na tisa sasa hapa Dodoma. Maji yakikatika siku mbili, simu yangu haipumziki, kana kwamba ufunguo wa visima vya Mzakwe, vinavyolisha mji, ninao mimi. Siwalaumu, maji ni uhai. Lakini kuhusu majitaka hanipigii mtu mpaka yarudi bafuni.

Sheria haikuvitenganisha hivi vitu. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, Namba 5 ya mwaka 2019, ile iliyofuta Namba 12 ya 2009 na kuanzisha RUWASA, wakala wa maji wa vijijini, imevitaja vyote viwili tangu kwenye jina. Mamlaka ya maji ya mjini ina kazi ya kutuletea maji safi, na ina kazi ya kuyaondoa yakishachafuka. Bei inapita EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Niliwahi kukaa kwenye taftishi ya bei, yaani kikao cha kusikiliza maoni ya wananchi, mwanzo hadi mwisho: watu walisimama mmoja mmoja wakalia na bei ya uniti, na wote walikuwa na hoja. Bomba la majitaka halikuulizwa na yeyote, na mimi nilinyamaza. Hilo linaniuma hadi leo.

Uniti moja ni lita 1,000. Nyumba ya wapangaji ikitumia uniti 15 kwa mwezi, ni lita 15,000 zimeingia getini, na nyingi zinaishia chooni na bafuni. Ukiwa karibu na bomba kubwa la majitaka, zinasafiri mpaka mabwawa ya kusafishia majitaka ya Swaswa. Huku kwetu zinaingia shimoni. Kiangazi ardhi inanyonya. Masika Nkuhungu ni bondeni, ardhi imeshashiba, shimo linajaa kwa wiki chache. Kwa hiyo kila mita ninayofunga, na ninazifunga kwa furaha, inaongeza majitaka mtaani. Tukidai maji bila kudai bomba la kuyatoa, tumedai nusu ya sheria.

Nilienda kwa yule jirani pamoja na mwenyekiti wa mtaa. Hakubisha. "Fundi, mwenye nyumba yuko mbali, gari la kunyonya ni elfu tisini, na mimi ni mpangaji. Ningefanyaje?" Kutapisha ni kosa, nikamwambia hivyo usoni. Ila tisini elfu kwa mama anayeuza vitumbua ni mtaji mzima, nalo hilo nililiona.

Tukakaa nyumba sita. Gari likija siku moja kwa wote, dereva amekubali kupunguza, na wenye nyumba wamepigiwa simu mbele ya mwenyekiti, wanne wameshatuma hela. Barua ya kuomba mtaa uwekwe kwenye mpango wa bomba la majitaka tumeiandika, ina saini ishirini na tatu.

Gari linakuja Jumamosi saa moja asubuhi. Litaanza na shimo la huyo mama.