Nilivyofundisha kutunza mikoko Pemba kwa kuanzia na visiki

Nilipokabidhiwa shamba darasa la misitu katika kijiji kimoja cha pwani ya Micheweni, kaskazini mwa Pemba, ratiba niliyopewa ilisema Jumanne na Alhamisi. Hiyo ni ratiba ya mtu wa ofisini. Kijiji chenyewe kinakwenda kwa mwezi. Bamvua likiingia, yaani maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, bahari hupwa kabisa kiasi cha saa nne asubuhi, na saa hiyo kinamama wako kwenye mwani, wanaume wako miambani wanatafuta pweza. Nikahamishia masomo siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu. Watu wanakuwepo, na bahari wakati huo haipandi hadi ukanda wa juu wa mikoko, kwa hivyo mnaweza kushinda humo bila kufukuzwa na maji.

Wengi wa wanafunzi wangu walikuwa wakataji. Mtu aliyejenga nyumba yake kwa boriti za mkandaa, moja ya aina za mikoko, ukimwanzia na habari za mazalio ya samaki atakuitikia kwa adabu, "Ndiyo, mwalimu," na jioni atabeba shoka lake. Yeye anawajua samaki kuliko mimi.

Basi tukaanza na visiki. Kila kundi lilitafuta visiki vya aina tatu, vya mchu, vya mkandaa na vya mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya kupinda, likajibu swali moja tu: kipi kimechipua? Mchu ulikuwa na machipukizi pande zote. Mkoko ulikuwa umekufa hadi mzizini. Mzee mmoja akacheka. "Mwanangu, mkoko ukiukata chini ya majani umeshauzika. Hili si jambo geni kwetu."

"Sasa ami, mbona yote tunaikata kwa mtindo mmoja?"

Hakujibu yeye. Walijibu wengine, wakabishana wao kwa wao mpaka adhuhuri, nami nikakaa kimya juu ya gogo. Walitoka na kanuni ambazo ningeziandika ubaoni zisingeshika: mchu ukatwe kwa zamu na kisiki kiachwe kirefu kipate kuchipua, mkoko na mkandaa uchaguliwe mti mmoja mmoja, na wenye mbegu usiguswe.

Kuhesabu kulitaka akili zaidi. Fomu za kitaalamu hutaka kipenyo cha shina kwa sentimita, kipimwe mita 1.3 kutoka ardhini. Ni sahihi, na tepu tulikuwa nayo, lakini mkataji ana madaraja yake tayari, kuanzia mti mwembamba hadi mnene: ufito, pau, boriti, nguzo. Anauangalia mti kwa mbali na hakosei. Tulizungushia kamba ya nailoni viwanja vya mita 10 kwa 10, vingine karibu na njia ya madau, vingine ndani kabisa, tukahesabu miche, fito, mapau, boriti na visiki. Tepu ilikuja baadaye, tukaipa kila daraja sentimita zake ili karatasi zisomeke huko wilayani. Miche ilikuwa tele, fito nyingi, boriti za kutafuta kwa tochi. Bi mmoja anayeuza kuni aliutazama ubao, akasema, "Kumbe tuna watoto, vijana hatuna."

Sijapata kusikia mtu akieleza hali ya msitu vizuri zaidi ya hivyo, na kauli yake iliniokoa na jambo jingine. Kila mgeni anayekuja kwenye mikoko anataka siku ya kupanda miti, na fulana na picha. Pale palikuwa na miti mama na maji yanapita bila kizuizi. Mbegu ndefu za mkoko zinaota zikiwa bado mtini, zinaanguka, zinajishikiza topeni zenyewe. Kilichokosekana ni muda wa kukua. Wala si kila tope linafaa: mbegu ya mkoko ukiichomeka kwenye uwanja wazi wa mbele, ambako mlilana, aina nyingine ya mikoko, ndio hutangulia, mara nyingi mawimbi huing'oa. Tulipanda sehemu moja tu, iliyokatwa hadi ikabaki bila mti mama, na hatukualika mtu.

Mpango wenyewe ukawa mfupi. Sheria ya misitu ya Zanzibar, Namba 10 ya 1996, inaruhusu jamii kuingia makubaliano na Serikali ya kusimamia msitu wao, kwa hivyo tulikaa na sheha, kiongozi wa serikali wa eneo letu, na kamati ya uhifadhi tukaugawa msitu vipande: kimoja kinakatwa kwa kibali, vingine vinapumzika. Ukingo wa bahari na wa vijito haukatwi kabisa. Hapo hakuna aliyebisha, maana mikoko ya ukingo huikinga nchi kavu, na Pemba watu wameshaona mabonde ya mpunga yakiingiliwa na maji ya chumvi. Ubishi ulikuwa juu ya vijana wa shehia jirani, ambao hawakuwa sehemu ya makubaliano na shoka zao hazijui mpaka. Kamati ikawaalika wawili wao kwenye kuhesabu. Mmoja bado anakuja.

Ambacho hatujakiweza ni uchomaji wa chokaa kwa magogo ya mikoko. Tanuri moja hula magogo mengi kuliko nyumba kadhaa, na wachomaji hawana nafasi ya kuja darasani. Masika yakiisha nitahamishia kipindi kimoja tanurini kwao, na tutaanza kwa kupima magogo yanayoingia kabla hawajawasha.