Nilivyojifunza urefa Amu (Lamu), kadi karibu ziniue

Kwanza nimalizane na huyu mjuaji wa barazani. Siku nimepangiwa kuchezesha katikati ya uwanja kwa mara ya kwanza akaniita, "Mwanangu, dakika tano za mwanzo toa kadi, wakuogope, ukichelewa watakupanda kichwani." Mzee amenizidi miaka thelathini, nikasema huyu ajua. Kumbe maisha yake hajashika hata kibendera!

Mie kibendera nilikuwa nimeshika miezi kadhaa, na huko nako nilichekwa. Mpira wa kurusha, straika kasimama peke yake nyuma ya mabeki, nikainua kibendera juu kama nimevua nguru. Kuotea! Uwanja wa Twaif mzima kimya, halafu kitoto kimoja kimetoka madrasa na kanzu yake kikapiga ukelele, "Ami, mpira wa kurusha hauna kuotea!" Na kweli hauna, wala kona, wala goli kiki. Usiku ule ndio nikazisoma sheria zote 17 kwenye simu, bando la shilingi hamsini hivi, kabla ya hapo nilikuwa nakwenda na za kusikia tu.

Haya, mechi yenyewe. Wageni walitoka upande wa kisiwa cha Pate na vyombo viwili, kimoja kikakwama kwenye mkondo wa Mkanda maji kupwa, wakafika watu tisa. Sheria yaruhusu kuanza mradi wasipungue saba. Hiyo saba nilikuwa naijua kwa kichwa, kwa tumbo bado.

Dakika ya tatu winga wao akasema "aah refa", aah tu, nikamchomolea njano, nikajiona dume. Dakika ya kumi akaupiga mpira mbali baada ya kipenga, njano ya pili, nyekundu, nje. Beki wao mmoja naye nilishampa njano kwa kunung'unika, akaja akamvuta mtu jezi, nje. Dakika ya ishirini na tano haijafika wamebaki saba, na mie bado nasikia raha, nasema moyoni leo wamepata refa.

Hapo ndipo kipa wao, jitu la miraba minne, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje ya uwanja, "Huyu mmemnunua kwa halwa!"

Kumtukana refa ni nyekundu, hakuna mjadala. Mkono ukaingia mfukoni, nikaishika kadi, lakini kabla sijaitoa nikaanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu... saba na kipa mwenyewe. Nikimtoa wabaki sita, mechi imekufa, na mechi ikifa watu wote hawa walioacha shughuli zao alasiri watamtafuta nani? Na mie kwenda nyumbani lazima nipite mtaa wa Langoni, vichochoro vile punda wawili hawapishani. Kadi imeshaloa jasho mkononi.

Nikatoa kitambaa badala ya kadi! Nikajipangusa uso taratibu, shingo, mpaka nyuma ya masikio, kama ndicho nilichokuwa nakitafuta tangu mwanzo, kisha nikamuuliza nahodha wao, "Kuna mtu kasema kitu? Kusi leo yavuma, sisikii." Si sheria hiyo, najua, msiige.

Sasa huyo nahodha ni nahodha kweli, ndiye aliyekuwa kwenye usukani wa kile chombo kilichofika. Nikamvuta pembeni.

"Nahodha, hesabu watu wako."

Akahesabu kwa kidole. "Saba."

"Wakiwa sita, hapana mechi."

Hakunijibu. Aligeuka akawapigia ule ukelele wa kushusha tanga upepo umechafuka, na kipa akaambiwa neno ambalo sitaliandika hapa. Toka hapo sikutoa kadi tena. Mtu akinijia mbio namuonyesha nahodha kwa kidole, nahodha anamrudisha mwenyewe, mie nakimbia zangu. Kipindi cha pili chombo cha pili kikafika, wawili waliokuwa kwenye orodha wakaingia, wakawa tisa tena. Walifungwa mbili moja na wakanipa mkono.

Hizi kadi zenyewe alizibuni Muingereza, Ken Aston, wazo lilimjia akiwa kwenye taa za barabarani, zikaanza kutumika Kombe la Dunia la 1970 kule Mexico. Amu mjini taa hizo hatuna, labda ndiyo maana zilinishinda.

Kipenga nunua kisicho na kokwa ndani, changu cha kwanza kiliingia mchanga kikawa kinakohoa, mia tatu mia nne hivi ilipotea bure. Andika kwa penseli, wino na jasho haviendi pamoja. Na usisimame nyuma ya watu wanaogombea mpira, nenda upande mpaka uone upenyo kati yao, la sivyo utakuwa unakisia kama nilivyokuwa nakisia mie.

Mwaka 2024 kwenye Euro kule Ujerumani nikaona nahodha peke yake ndiye anayeruhusiwa kumfuata refa, nikaruka kwenye kiti, nikamwambia mke wangu haya mambo mie nimeyafanya Twaif zamani. Akaniambia nipunguze sauti, mtoto amelala.

Yule nahodha jioni ile alinifuata wakati nafungua viatu. "Refa, mwezi ujao tutakuita uje utuchezeshe kwetu. Kipenga njoo nacho. Kadi muachie mamako."

Nilikwenda. Kadi nilizibeba zote mbili, ndani ya soksi.