Solfa ya kwaya na nota tano za Thomas Mann

Mwanakwaya wa Iringa au Tukuyu aliyekulia kwenye solfa (d r m f s l t) akifungua *Doktor Faustus*, riwaya ya Mjerumani Thomas Mann, hukwama sura ya 22, mhusika mkuu Leverkühn, mtunzi wa muziki, anapoeleza utunzi wa nota 12: nota zote 12 hupangwa kwenye safu, kila moja mara moja, bila yoyote kuwa kuu. Kinachomkwamisha mara nyingi ni herufi za nota tu.

Mann hakurudi kuishi Ujerumani baada ya 1933. Riwaya hii aliianza California mwaka 1943, ikatoka 1947. Mbinu yenyewe ni ya Arnold Schoenberg, mkimbizi mwenzake huko huko Los Angeles, ambaye alikasirika kuona kazi yake imevishwa mtu wa kubuni. Alikuwa na haki. Matoleo yaliyofuata yakaongezwa maelezo ya kumtaja.

Sasa vuta kinanda. Leverkühn huficha jina la kahaba aliyemwambukiza kaswende, hetaera esmeralda, ndani ya nota h e a e es. H ya Mjerumani ni B yetu. B yake ni B flati, kama wapiga matarumbeta wa Moravian wanavyoweza kuikuta kwenye vyombo vya Kijerumani. Es ni E flati. Do ikiwa C, unapata: t m l m ma.

Kwaya huharibu hapa, kwa sababu t imezoea kukimbilia d, na huku d haina cheo chochote. Achana na solfa, tumia namba: C ni 0, B ni 11. Nota zinakuwa 11 4 9 4 3. Kuzipindua juu chini, kama mbinu hii inavyofanya, toa kila namba kwenye 22 (nota ya kwanza mara mbili). Jibu likizidi 11, punguza 12: 11 6 1 6 7.

Lakini E imerudi, kwa hiyo hii si safu kamili. Ya Schoenberg, katika opus 25 (kazi yake namba 25), inapita nota zote 12: 4 5 7 1 6 3 8 2 11 0 9 10. Soma nne za mwisho kinyumenyume, kwa herufi za Kijerumani: B A C H, jina la mtunzi Bach.

Kantata (utunzi wa kuimbwa na kwaya) ya mwisho ya Leverkühn imesimama juu ya sentensi ya silabi 12, kila silabi na nota yake. Kwa Kiswahili inawezekana: «Nakufa Mkristo mbaya na mwema.» Hesabu, ni 12, ila m ya «Mkristo» na ya «mbaya» kila moja ipewe nota yake. Waimbaji wakizimeza, zinabaki 10 na safu inapwaya.