Mguu Ndio Usomao Jiwe

Jumapili jioni, pikipiki ikiwa imeoshwa na bado inachuruzika maji, ndipo kazi yenyewe inapoanza. Pikipiki ya traiali haishindani mbio na mtu. Inapanda miamba, magogo na vijito, na kila mguu ukigusa chini mwamuzi anaandika pointi moja ya adhabu, mwisho tatu kwa kipande kimoja cha njia. Ukishindwa kabisa ni tano. Kwenye Scottish Six Days Trial, mashindano ya traiali ya Uskoti, pale Fort William, mwendeshaji hupewa vipande 30 vya namna hiyo kwa siku, siku sita mfululizo. Ndiyo maana chombo chenyewe ni chepesi: kilo 65 hadi 75, hakina kiti cha kukalia, na tangi linabeba lita mbili mpaka tatu tu. Wepesi huo una gharama yake. Kila kifaa kimepunguzwa hadi kinachotosha, kwa hiyo kila kifaa kinadai kuangaliwa.

Nikiwaza kinachoharibu pikipiki hizi, mwamba hauji kwanza. Yanakuja maji ya kuoshea. Mashine ya presha ikielekezwa kwenye kitovu cha gurudumu au kwenye viungo vya shokapu, maji hupenya sili, hufukuza grisi, na kutu huanza usiku uleule. Viungo vya shokapu ndivyo vinavyoteseka zaidi, kwa sababu vimekaa chini kabisa, karibu na bamba linalokinga injini, ambako matope hujazana. Inyanyue pikipiki juu ya stendi, shika gurudumu la nyuma, lipandishe na kulishusha taratibu. Ukihisi mchezo mdogo, yaani kulegea, kabla shokapu haijaanza kusogea, beringi za sindano zimekwisha, au boliti imelika. Kuzifungua kila baada ya miezi mitatu au minne, kuzisafisha na kuzipaka grisi isiyosombwa na maji ni kazi ya alasiri moja. Kuziacha mpaka zigande ni kazi ya nyundo na moto.

Chujio la hewa ni sponji, na sponji haipendi haraka. Ioshe kwa dawa yake ya kuondoa mafuta, kisha maji ya vuguvugu na sabuni. Ikamue kwa kubonyeza, usiisokote, maana kusokota huachanisha maungio. Ikaushe kivulini, ipake oili ya chujio hadi rangi ienee sawasawa, halafu paka grisi kidogo ukingoni pale inapokalia boksi lake. Wengi huoshea petroli. Petroli inalegeza gundi, na siku gundi ikiachia, mchanga unaingia moja kwa moja kwenye silinda.

Kuhusu oili ya kuchanganya na petroli kwenye injini za mipigo miwili, fuata kitabu cha pikipiki yako, usifuate mazoea ya kijiweni. Bultaco za zamani, pikipiki za Kihispania, zilitaka sehemu moja ya oili kwa 20 za petroli. Injini za sasa zenye oili ya sinthetiki huweza kutaka moja kwa 80, yaani mililita 63 hivi kwa lita tano. Anayeongeza oili "kwa usalama" anasahau kwamba injini ya traiali hukaa muda mrefu kwenye mzunguko wa chini. Oili isiyoungua hujikusanya kwenye ekzosi, na ukifungua mafuta ghafla mbele ya mwamba, injini inakohoa badala ya kuvuta. Kwa wenye Montesa Cota 247 au Bultaco zenye tangi la faibaglasi kuna jambo lingine zito. Petroli ya E10, ambayo imekuwa ya kawaida Uingereza tangu Septemba 2021, ina ethanoli inayolainisha utomvu wa faibaglasi, na utomvu huo huishia kwenye jeti za kabureta. Tangi la namna hiyo lipakwe kinga ya ndani au libadilishwe.

Oili ya giaboksi ni kidogo, karibu nusu lita, na klachi inaogelea humohumo. Imwage ikiwa na joto na uiangalie vizuri. Ikiwa nyeupe kama maziwa, sili ya pampu ya maji imechoka na maji ya rejeta yanavuja ndani. Ikiwa imepungua na ekzosi inatoa moshi mweupe mzito, ikague sili ya krenki upande wa klachi. Klachi inayonata asubuhi haimaanishi kila mara kwamba imekufa: ingiza gia, bana leva, isukume pikipiki mbele na nyuma mpaka sahani ziachane, ndipo uwashe. Na kabla ya kuongeza maji ya klachi, soma kifuniko. Pampu nyingine zinataka oili ya madini, nyingine DOT 4, yaani maji ya breki. Ukikosea, sili zinavimba na mfumo mzima unafunguliwa.

Tairi ndilo linalonifurahisha kulieleza. La mbele ni 2.75-21 lenye tyubu, la nyuma 4.00-18 lisilo na tyubu. Upepo wa nyuma ni psi 4 hadi 5, wa mbele 6 hivi, wakati bodaboda hutembea na karibu 30. Geji ya kituo cha mafuta haisomi chini hivyo kwa uhakika. Nunua inayoishia psi 15. Kwa upepo huo tairi linalala juu ya jiwe, linalikumbatia. Upepo ukizidi hapo kwa psi mbili tu, linaanza kudunda. Tairi la nyuma likipoteza upepo usiku kucha, paka maji ya sabuni kwenye vichwa vya spoki na kando ya rimu, utaona mapovu. Meno yakilika upande mmoja, wengine huligeuza tairi ili makali mapya yashike.

Buti nazo ni tairi la pili. Mwendeshaji amesimama muda wote juu ya vikanyagio, na habari zote za chini zinapanda kupitia soli. Buti za motokrosi zina ganda gumu la plastiki na soli isiyokunjika. Zinakinga sana, ila zinauziba mguu masikio. Buti za traiali, kama Gaerne Balance au Alpinestars Tech T, zina kifundo laini, soli ya mpira unaoshika jiwe, na kinga ngumu kwenye muundi na vidole. Zina kinga pungufu, na hilo lisifichwe. Tafuta alama ya EN 13634, kiwango cha Ulaya cha buti za pikipiki, ndani ya shingo ya buti, na usome tarakimu zake: urefu, msuguano, kukatwa, na ugumu dhidi ya kubanwa kwa upande, kila kimoja daraja la 1 au 2.

Zijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa na soksi zilezile nene na kinga zako za magoti. Simama ukingoni mwa ngazi kwa katikati ya unyayo, kunja magoti, jishushe. Kisigino kikiinuka ndani, ni kubwa. Vidole vikigonga mbele, ni ndogo. Inua ncha ya mguu kana kwamba unapandisha gia, ukikumbuka kuwa leva ya gia kwenye pikipiki hizi iko mbali mbele, na buti ngumu haifiki bila kuhamisha mguu mzima. Bizimu ziwe na nafasi ya kukaza zaidi, kwa kuwa ngozi hutanuka.

Meno ya kikanyagio hula soli katikati, kwa hiyo uliza kabla ya kununua kama soli inaweza kubadilishwa na fundi viatu. Zikilowa, toa soli ya ndani, jaza magazeti, yabadilishe baada ya saa chache, na uziweke mbali na jiko. Joto hukausha ngozi ikapasuka pale inapokunjwa. Zikiwa kavu, paka mafuta ya ngozi kwenye mishono, kisha funga bizimu zote kabla ya kuzihifadhi, ili shingo isilale upande.