Siku moja chumba cha MRI: kwanza zile dakika mbili

Saa 1 asubuhi nimeshasoma kiwango cha heliamu inayoipoza sumaku na kuipiga picha chupa ya majaribio. Mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, iko sawa. Saa 2 hadi saa 4: magoti mawili, mgongo mmoja. Hayana hadithi.

Saa 4 na nusu analetwa mama wa miaka 64 kwa kiti cha magurudumu. Fomu inasema: kusahau kwa kasi, kupepesuka, mikono kushtuka. Wanahisi Creutzfeldt-Jakob, ugonjwa wa ubongo unaompata mtu 1 au 2 kati ya milioni kwa mwaka. Namuuliza mumewe kuhusu betri ya moyo na vyuma mwilini.

“Hana, mwanangu. Wiki sita zilizopita alikuwa anaendesha gari.”

Mikono inamruka-ruka, na MRI na mtu anayeruka haviivi chungu kimoja. Kwa hiyo napindua mpangilio: naanza na picha ya mtawanyiko wa maji, DWI. Inachukua dakika 2 hivi, na ndiyo inayouonyesha ugonjwa huu vizuri kuliko nyingine. Pale prioni, protini zilizojikunja vibaya zinazoleta ugonjwa huu, zilipoharibu tishu, maji hayatembei kwa uhuru, panang'aa. Akishindwa kuendelea, walau hiyo tunayo.

Alivumilia dakika 7, nikamtoa.

Saa 6 daktari wa radiolojia anavuta kiti. Utepe mweupe umefuata mikunjo ya gamba la ubongo, kulia zaidi ya kushoto, na kiini cha kaudeti, kilicho ndani kabisa ya ubongo, kinawaka pande zote mbili. Anafungua ramani ya ADC, inayopima mwendo wenyewe wa maji: palepale ni peusi, kwa hiyo weupe ule si wa kudanganya. Bado haandiki kwamba ndio wenyewe. Degedege la muda mrefu huweza kuacha utepe kama huo, na kuna ubongo kuvimba kwa kushambuliwa na kinga ya mwili wenyewe, hali ambayo inatibika. Anaomba EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, na maji ya uti wa mgongo yapimwe kwa RT-QuIC, kipimo kinachosaka prioni.

Mlangoni mume ananiuliza nimeona nini. “Daktari wake atakueleza, mzee.” Sentensi hiyo siipendi hata kidogo.

Mwanafunzi anauliza kama tupulizie mashine dawa kali. Hapana, hauambukizwi kwa kugusana. Badilisha shuka tu.

Saa 10, kabla ya kutoka, nimeuhifadhi mpangilio ule kwenye mashine, DWI juu kabisa, wa zamu ya usiku asije akaiacha mwisho.