Rubani, pombe na kanda iliyokatwakatwa

Nilianza kuhariri sauti enzi za kanda, tulipokuwa tunakata kwa wembe na kuunga kwa utepe wa gundi. Ndiyo maana kisa cha Guatemala cha mwaka 1954 hakinitoki kichwani.

Mei mwaka huo ilianza kusikika Sauti ya Ukombozi, redio iliyojidai kutangaza kutoka msituni humohumo nchini. Uongo mtupu. Ilikuwa ya CIA, shirika la ujasusi la Marekani lililotaka kumwangusha rais wa Guatemala, na vipindi vingi vilirekodiwa Miami. Kuna siku waliigiza hata kuvamiwa na wanajeshi, wakiwa hewani!

Lakini mimi kilichonikaa ni yule rubani. Alitoroka jeshi la Rais Jacobo Árbenz, ila akakataa katakata kuwahimiza wenzake waasi. Watu wa redio wakamnywesha pombe, wakamchokoza: hebu, ungewaambia nini? Akamwaga yote, kinasa sauti kikiwa kimefichwa. Kanda ikakatwa, ikaungwa, ikarushwa kama wito wake mwenyewe. Árbenz, akihofia marubani wengine nao watatoroka, akazuia ndege zake zisiruke. (Kifundi ni kazi safi, naona aibu kuisifu.)

Waasi wenyewe, waliosaidiwa na CIA kumpindua, walikuwa mamia tu. Juni 27 Árbenz akatangaza kujiuzulu, naye kwa redio.